Nunua gari linalosomeka

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu. Kuna swali linalonifikia kila mara kutoka kwa waandishi wa programu wenzangu hapa Nairobi, hasa wale ambao mikataba yao imeanza kulipa vizuri: "Nataka 4x4 ya zamani, ya kwenda nayo Suswa na Magadi, ya kupita matope na mawe. Ninunue ipi?"

Majibu wanayopewa mitaani huwa ni majina matupu. Mmoja anasema Land Cruiser, mwingine Land Rover, wa tatu anaapa kwa Pajero, kisha wanabishana kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mimi naona ubishi huo hauna maana, kwa sababu swali lenyewe limeulizwa vibaya. Kabla ya kuuliza jina la gari, uliza kama gari hilo linasomeka.

Nina maana gani? Sisi tunaoandika programu tunajua tofauti ya msimbo unaosomeka na ule usiosomeka. Unaosomeka unaweza kuwa wa mwaka 1995, una makosa chungu nzima, lakini ukiufungua unaona kosa liko wapi na unalirekebisha. Usiosomeka unaweza kuwa mpya na wa kupendeza, lakini siku ukikwama hakuna pa kushika. Gari la zamani ni hivyo hivyo. Litaharibika, hilo usiwe na shaka nalo. Suala ni nani atalisoma siku hiyo, kwa chombo gani, na spea itoke wapi.

Kwa nini la zamani lazima ulitafute hapa hapa

Kwanza tuelewane kuhusu soko. Kenya ina kiwango kinachoitwa KS 1515:2000, kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS. Kwa kiwango hicho, gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia nchini. Kwa hiyo ukitaka Escudo ya 1996 au Land Cruiser ya 1998, usipoteze usiku wako kwenye tovuti za Wajapani. Gari hilo tayari liko Kenya, mikononi mwa mtu, na limeshakanyaga barabara zetu miaka mingi.

Jambo hilo lina uzuri wake. Gari lililokwisha kuandikishwa hapa ushuru wake ulilipwa zamani. Anayeleta dizeli inayozidi sisi 2500 leo anakutana na ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, juu yake VAT ya asilimia 16, ukiacha ushuru wa forodha na ada nyingine. Kwa gari la zamani hesabu hiyo haikuhusu. Ila angalia magari ya balozi, miradi na mashirika ya kimataifa. Mengine yaliingia bila ushuru, na anayeyanunua ndiye anayetakiwa kuulipa. Uliza mapema, tena upewe jibu kwa maandishi.

Ubaya wake ni huu: benki nyingi hazitaki kukopesha mtu kwa dhamana ya gari la miaka 25, na kampuni nyingi za bima hazikubali kulikatia bima kubwa. Maana yake unatoa pesa taslimu, mara nyingi akiba ya Sacco au mkopo wa chama, na ukikosea hakuna wa kukufidia. Nimewaona watu wenye akili timamu, wanaopima programu yao mara kumi kabla ya kuitoa kwa mteja, wakitoa akiba ya miaka mitatu kwa gari walilolizunguka dakika ishirini kwenye yadi ya Ngong Road. Kisa eti lina matairi makubwa na taa juu ya paa!

Injini inayosomeka ni ipi

Mimi nakaa Kawangware, upande wa Kongo. Hapa, na ng'ambo ya Ngong Road kule Kibera, kuna mafundi wa jua kali ambao hawana cheti ukutani lakini wamefungua injini nyingi kuliko mihadhara niliyohudhuria. Hao ndio wasomaji wa gari lako. Wewe ukiwa na fundi wako kwingine, sawa, lakini kanuni ni ile ile: gari lipimwe kwa fundi uliye naye, si kwa fundi wa kwenye video ya Australia.

Chukua Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza 1984. Injini yake inayojulikana zaidi huku kwetu ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi, haingoji ruhusa ya kompyuta. Inahitaji mafuta, hewa, na umeme kidogo wa kuwashia. Fundi anaisikiliza, anafungua nozeli, anazipima, anarudisha. Haina mbio, na mlimani lori la mchanga linaweza kukupigia honi. Lakini inasomeka kuanzia Lodwar mpaka Lunga Lunga.

Sasa linganisha Land Rover Defender mbili ambazo kwa nje ni kama pacha. Ya kwanza ina injini ya 300Tdi, iliyotoka 1994. Pampu ni ya kawaida, na kasoro yake kubwa inayotajwa ni mkanda wa taimingi, kitu ambacho fundi anakiona kwa macho. Ya pili ina injini ya Td5 iliyoanza 1998, ambayo nozeli zake zinaamrishwa na kompyuta. Td5 ina ugonjwa maarufu: mafuta ya injini hupenya kwenye waya wa nozeli, yakapanda polepole ndani ya waya huo mpaka kwenye plagi ya kompyuta. Gari linaanza kukohoa. Asiyeijua habari hiyo atabadilisha pampu, atabadilisha filta, atakutoza wiki mbili, na gari litaendelea kukohoa. Anayeijua atachomoa plagi, ataona mafuta, atasafisha na kukwambia ununue waya mpya. Gari ni lile lile na ugonjwa ni ule ule. Bili ndiyo inayotofautiana, kwa sababu mmoja anajua kusoma na mwingine anakisia.

Kwa hiyo sisemi kompyuta ni adui. Mimi napata ugali wangu kwa kompyuta. Toyota nyingi za petroli za miaka ya 90 zina kompyuta ya injini, na zinasomeka kuliko unavyodhani. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki. Ndani yake unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Unahesabu mipepeso, unapata namba ya hitilafu. Huhitaji leseni wala nenosiri. Aliyebuni hicho alimheshimu fundi.

Shida ilikuja baadaye, pale watengenezaji walipoanza kuficha. Ni kweli Marekani ililazimisha tundu la pamoja la kupimia magari kuanzia modeli za 1996, na leo unaweza kununua kifaa kidogo cha Bluetooth kikakusomea hitilafu kwenye simu. Lakini kifaa hicho husoma yale ya msingi. Mengine yamefungiwa kwenye mashine za wakala. Hata huko Marekani watu walichoka: mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wazipe gereji huru taarifa za kutengenezea magari. Ikiwa mtu wa Boston alihitaji sheria ili fundi wake asome gari, wewe wa Kawangware utamwendea nani?

Halafu kuna dizeli za kisasa zenye mfumo wa reli moja, ambazo husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana. Ni injini nzuri, zina nguvu, hazipigi kelele. Ila nozeli zake zinataka mafuta safi, na ni ghali. Nchi yetu ilikuwa na tatizo la kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo. Ukiwa Nairobi unachagua kituo cha mafuta. Ukiwa mbali kaskazini unakunywa ulichokikuta. Pampu ya zamani ya 1HZ itanung'unika na kuendelea, lakini nozeli za reli moja zinaweza kukuachia deni.

Tuyataje basi hayo majina

Najua mtaniambia nimezunguka. Haya, haya ndiyo maoni yangu, na mnaruhusiwa kuyapinga.

1. Kwa anayeanza: Suzuki. Sierra ile fupi, au Escudo ya kizazi cha kwanza, ya 1988 hadi 1998. Ina chesisi ya ngazi kama lori, ina kijiti kidogo cha gia nzito chenye alama 4L, na injini yake ya petroli ya 1600 fundi yeyote anaijua. Ni nyepesi. Kwenye ule udongo mweusi wa Athi na Narok, unaovimba na kuteleza mvua ikinyesha, wepesi ni mali. Land Cruiser inayozidi tani mbili inazama pale Suzuki inapopita ikitikisa mkia. Na ikikwama, watu watano wanaisukuma.

2. Kwa mwenye pesa na safari ndefu: Land Cruiser 70 yenye 1HZ. Tatizo lake ni bei. Hata ikiwa imechoka, mwenyewe hakupunguzii, kwa sababu anajua atampata mwingine kesho.

3. Kwa anayependa kuchafua mikono: Defender ya 300Tdi. Bodi ni aluminiamu haipati kutu, lakini chesisi ni ya chuma na inapata, kwa hiyo ingia chini utazame. Wenye Land Rover husema ukiona haivuji oili, ujue oili imekwisha.

4. Pajero za dizeli za miaka ya 90: bei yake ni nafuu, spea zipo. Angalia joto la injini na hali ya silinda hedi.

5. Prado ya mfululizo wa 90: inastarehesha, na familia itakupenda. Lakini injini yake ya 1KZ-TE ina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi ikichemka. Usiinunue bila kuipandisha mlima.

Na RAV4, X-Trail, Forester? Ni magari mazuri, na kwa wengi wenu ndiyo yanayowafaa. Kama safari zako ni kazini, kanisani, na kijijini Murang'a mara mbili kwa mwaka, nunua mojawapo ya hayo, tena jipya kidogo, ulale usingizi. Usinunue 4x4 ya zamani ili ikae kwenye maegesho ya maduka. Lakini nyingi kati ya hizo hazina gia nzito wala chesisi ya ngazi. Kwenye mawe ya Suswa utaacha bampa.

Mkitaka ushahidi kwamba upya wa gari si hoja, tazameni Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangisha pesa za kuzungushia ua misitu ya Aberdare, ua uliokamilika 2009. Magari hupewa saa kumi kufika kwenye vituo 13 porini, na mshindi ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia zaidi. Waandishi wa programu mtalitambua hilo: ni lile tatizo la mchuuzi msafiri, ila hapa kuna korongo katikati. Na miongoni mwa magari yanayopambana kule utakuta Suzuki ndogo na Land Rover kuukuu zilizofunguliwa na kufungwa upya mara nyingi.

Kusoma karatasi kabla ya chuma

Gari linaweza kusomeka kwa fundi na bado likakutia hasara kwa karatasi. Kabla hujalipa hata shilingi ya kushikilia, tafuta kumbukumbu za gari hilo kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenyewe, namba ya chesisi, namba ya injini. Kisha nenda ukalinganishe na gari lenyewe, kwa tochi, chuma kwa chuma. Namba ya chesisi iliyochomelewa au kupakwa rangi ovyo ni sababu ya kurudi nyumbani.

Kama jina la benki au la kampuni ya mikopo limo, gari hilo lina mwenyewe mwingine. Na kumbuka: tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017, gari linaweza kuwa limewekwa rehani na rehani hiyo ikaandikwa kwenye rejista yake, hata kama muuzaji anatabasamu. Mwambie wakili aitafute. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na kesi.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: herufi za namba ya gari zinakuambia liliandikishwa lini Kenya, hazikuambii lilitengenezwa lini. Soma mwaka wa kutengenezwa, usihesabu kwa KAB na KAZ. Kilomita kwenye dashibodi nazo zichukulie kama hadithi ya sungura, kwa sababu zinarudishwa nyuma, za mshale na za dijitali vile vile. Tazama padi ya klachi, usukani na kiti cha dereva. Kiti kilichotoboka hakiwezi kuwa cha kilomita elfu themanini.

Siku ya kutazama gari

Fanya kama unavyopima programu: kwa orodha, bila hisia.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, jiulize alikuwa anaficha nini. Liwashe likiwa baridi. Moshi mweupe usiokwisha, wa buluu au mweusi mzito, kila mmoja una habari yake, muulize fundi wako.

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na huenda gasketi au hedi imekwisha.

Lala chini ya gari. Tafuta kutu, welding mpya kwenye chesisi, na rangi nyeusi iliyopakwa jana. Gari lililokaa Mombasa karibu na bahari lipe muda mrefu zaidi.

Weka fowili. Wengi husahau hili, wanalipia 4x4 wanaondoka na gari la kuvuta nyuma tu. Tafuta mahali penye mchanga au changarawe, ingiza 4H, kisha simama uingize 4L, usikie kama inanguruma au inaruka. Trensfa ikifa, bei ya kuitengeneza inaweza kukukimbiza.

Mwishowe lipandishe mlima, Ngong kwa mfano, gia za chini, jua likiwa kali, jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Muuzaji anayekataa safari hiyo amekupa jibu.

Na fundi awe wako. Mlipe siku yake nzima, ili asitegemee bakshishi ya muuzaji. Kisha usitumie pesa zote kununua. Mimi husema theluthi moja ya bajeti ibaki kwa ajili ya mwaka wa kwanza: matairi, breki, mikanda, rejeta, mipira ya maji. Kama bajeti yako ni shilingi laki tisa, gari lako ni la laki sita. Spea utazipata Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado tunaiita Grogan, na za mtumba kutoka Japani. Kabla ya kununua gari, pita pale uulize bei ya vitu vitano tu: klachi, silinda hedi, pampu ya dizeli, rejeta na trensfa. Duka likikwambia "hiyo tutaagiza", umeshajua ukweli kuhusu gari hilo.

Kuna watakaosema magari haya yanakunywa mafuta, yanatoa moshi, na hayana mifuko ya hewa. Ni kweli yote matatu. Ndiyo maana sisemi kila mtu anunue. Nasema anayenunua, kwa sababu anataka kweli kwenda mahali ambapo lami imekwisha, achague kile ambacho yeye na fundi wake wanaweza kukifungua, kukielewa na kukifunga tena. Pale kwenye vumbi la Magadi mtandao haupo, wakala hayupo, na kifaa cha Bluetooth hakitakushikia spana.

Kwa hiyo ukienda kutazama gari Jumamosi hii, acha mapenzi nyumbani. Beba tochi, gunia la kulalia chini, nakala ya kumbukumbu kutoka NTSA, na fundi wako. Akisema "sijawahi kuifungua injini hii," mshukuru, mnunulie chai, na mwende mkatazame gari lingine.